Ndago Isiyofika Ukutani

Jumamosi iliyopita nilipotoka shifti niliingia duka moja hapa Peckham, Landani, kununua muhogo wa barafu. Karibu na mlango palikuwa na kapu la vijizizi vikavu, vyeusi, vyenye manyoya, mtu akiviona kwa mbali atadhani mende. Nikachukua kimoja nikakivunja kwa ukucha. Harufu iliyotoka ilinifanya nishike rafu. Mama muuzaji, mtu wa Afrika Magharibi, akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nimemkumbuka mtu.

Kwao wanavifukizia nguo. Kwetu Pemba tulikuwa na jamaa yake. Harufu ile, ya udongo ulioguswa na mvua pamoja na ukali kidogo kama wa karafuu, ndiyo iliyokuwa kwenye kanga za Bibi yangu, na mimi utotoni nilidhani ni harufu ya mwili wake.

Niwaeleze tangu mwanzo, nanyi mtapima. Mimi kila nikiiandika habari hii kwenye daftari langu nafuta. Shule yangu ni ndogo, na naogopa kumwonea mtu kwa kukosa maneno.

Ndago mnaijua, yale magugu ya kondeni yanayomtoa mkulima jasho. Yetu haikuwa hiyo. Bibi akiiita ndago ya pwani. Shina lake ukiliviringisha katikati ya vidole linagoma, maana lina pembe tatu. Iliota mahali pamoja tu, nyuma ya mikoko, penye chemchemi inayokutana na maji ya bahari, na wanawake wa kijijini wakienda kuchimba mizizi yake palipokuwa na harusi. Kisha pale pakaanza kufukiwa kifusi ipite barabara. Siku za mwisho mama yangu aliingia matopeni mpaka magotini, akang'oa shada moja, akalileta nyumbani kwenye beseni.

Bibi alisema halitashika. "Kitu cha pwani hakifugwi uani."

Mama alichukua jembe. Alichimba shimo pana, akatandika makumbi ya nazi na udongo wa mfinyanzi ili maji yasikimbie, akapanda. Maji ya bomba yaliigeuza rangi ya manjano. Ikabidi ichotewe maji ya kisima cha ufukweni, ambacho bahari ikijaa sana maji yake yanaingia chumvi, hayafai chai wala kufulia. Hayo ndiyo iliyoyataka. Ikashika.

Siku chache baadaye Mama alinichutamisha kando ya shimo lile. Nilikuwa na miaka saba. Akaniambia anakwenda Landani kufanya kazi. Akanionyesha ukuta wa mawe upande wa pili wa ua.

"Hii inatembea chini kwa chini," alisema. "Wewe inyweshe. Ikifika ukutani, nakuja kukuchukua."

Sikulia. Mtu aliyepewa kazi hana nafasi ya kulia.

Nilipima kwa shibiri za mkono wangu, kutoka chipukizi la mwisho hadi ukutani. Shibiri kumi na nne. Kila asubuhi nikabeba dumu langu kwenda kisimani na kurudi, na Bibi akinitania kutoka jikoni. Babu alikwisha kufa, ila utani wake Bibi aliuweka hai. "Mke mwenzangu, mbona umeraukia nje? Mume kakufukuza?" Nami nikimjibu, "Kaniambia wewe unakoroma." Akicheka hadi anashika kiuno.

Mama alipiga simu kila Ijumaa kwenye simu ya jirani. Nilizungumza naye mimi kwanza, nikamtajia shibiri. Kisha Bibi aliichukua simu akatoka nayo hadi nyuma ya jiko. Nilimsikia tu akisema, "Haya, mwanangu. Nimesikia. Haya."

Mwaka uliofuata zikawa shibiri kumi na mbili. Uliofuata, kumi. Nilikuwa najisifu kwa kila mtu mpaka Zuhura, mtoto wa jirani, akaniangalia nikipima huku anatafuna embe mbichi kwa chumvi.

"Mkono ndio unaokua, mjinga wewe," alisema. "Hilo jani lipo palepale."

"Muongo."

"Basi pima kwa kamba. Kamba haili wali."

Nikapima kwa kamba ya makumbi, nikaifunga fundo. Mwezi mzima fundo likaangukia palepale. Hata hapo sikumdhania mtu. Nilijidhania mimi, kwamba naenda kisimani mara chache. Nikaongeza dumu la pili, la jioni, mpaka bega likaota sugu.

Siku moja mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alikwenda mazishini, akaturudisha mapema. Niliingia uani nikamkuta Bibi amechutama upande wa ukutani, kisu mkononi. Ncha nyeupe za ndago, zile zilizokuwa zimetangulia mbele, zilikuwa zimerundikwa kwenye ungo pembeni yake.

"Unafanya nini, Bibi?"

Hakushtuka. "Nakata ndago zangu za kufukizia. Kwani ua huu wa nani?"

"Lakini zilikuwa zinakwenda ukutani."

"Ukuta hauhami, mke mwenzangu."

Harufu ilinijia pale pale, kutoka kwenye ungo na kutoka kwenye kanga aliyojifunga, harufu moja. Miaka mitatu ya kubeba maji ilikuwa inakatwa, inaanikwa, inateketea kwenye chetezo chini ya nguo zake, na mimi usingizini nilikuwa naivuta na kuona raha. Nikamwambia yeye ni mwizi. Nikamwambia si bibi yangu.

"Haya," alisema. Akabeba ungo wake akaingia ndani.

Sasa niandike na langu, nisije nikajipendelea. Ndago ile sikuing'oa. Niliacha tu kuchota. Magoti ya Bibi hayakuweza kuteremka ufukweni. Nilimwona akiimwagia maji ya bomba kwa kata, kidogo kidogo, naye alijua kama nilivyojua mimi kwamba hayafai. Ikawa manjano, kisha ikawa majani makavu, kuku wakataga humo. Tangu hapo sijasikia mtu aliyeiona popote. Utani nao ulikwisha. Tuliishi nyumba moja kama wapangaji.

Mama alinichukua nikiwa na miaka kumi na saba. Wakati wa kuagana Bibi alinipa kanga zake mbili, zimekunjwa. Nilizitia chini kabisa ya sanduku nikaja nazo Landani, na sikuzivaa. Alifariki mimi nikiwa huku.

Basi Jumamosi ile nilipitisha vile vizizi nilivyonunua kwa Mama, ambaye flati yake iko vituo viwili vya basi kutoka kwangu. Nikavimwaga mezani karibu na kikombe chake. Akachukua kimoja, akanusa, akakirudisha polepole. Nami, kwa uchungu wa zamani, nikamsimulia jinsi mama yake alivyoniibia.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Nilimwambia mimi."

Sikuelewa.

"Makaratasi yangu hayakuwa yametoka. Kila Ijumaa unanitajia shibiri, mimi moyo unanipasuka. Nikamwambia, Mama, ikate isifike. Mtoto asije akaniona muongo."

"Akasemaje?"

"Akasema, basi ataniona mimi mwizi." Mama aligeuza kikombe. "Nikamwambia, Mama, wewe uko naye, atakusamehe."

"Mbona hukuniambia nilipokuja?"

"Ulikuja unanipenda," alisema. "Niliogopa."

Nataka nimtendee haki. Alikuwa mwanamke mdogo peke yake, anasafisha wodi za watu, hana karatasi ya kumleta mtoto. Ahadi aliitoa kwa mapenzi, na mwishowe aliitimiza. Haya yote nayajua. Lakini nilipokuwa mtoto nilidhani nimeibiwa mama, na kumbe mama alikuwa njiani siku zote. Niliyeibiwa ni yule mwingine, Bibi. Na yeye alikubali kuibwa. Neno moja tu lingemtoa lawamani, na neno alilolichagua ni "haya". Nilikuwa nimelisikia kila Ijumaa nyuma ya jiko nisilitambue.

Jana nilizitoa kanga zake sandukuni. Hazijafuliwa tangu zitoke mikononi mwake. Nikaziweka kando ya vizizi vya Peckham, nikanusa hivi, nikanusa hizi. Harufu hazifanani sana. Ya Bibi imefifia, lakini ina chumvi ndani yake. Kwa ninavyojua mimi, hiyo ndiyo ndago ya pwani yote iliyobaki.

Mama ameniomba kanga moja. Bado sijamjibu.