Taa ya Breki na Kiti cha Mama Mkwe

Kabla mama mkwe hajaingia kwenye gari langu, kitu cha kwanza nilichokuwa nafanya ni kugeuza kioo cha ndani kitazame paa. Kwetu mkwe hamkodolei macho mama wa mke wake, hampi mkono, wala haongei naye moja kwa moja. Kwa hiyo mke wangu alikaa mbele kama ofisi ya posta. Mama akisema kule nyuma, "Mwambie apunguze mwendo," mke wangu alinigeukia na kuniambia nipunguze mwendo, nami nikajifanya ndiyo kwanza nasikia.

Kila wiki tulimtoa Butiama kumleta Musoma kwenye mazoezi ya nyonga. Alikuwa ameanguka akitoka kukamua, na daktari alituambia wazi kwamba akiacha mazoezi, ule mguu utakakamaa na hatatembea tena. Hilo lilimkosesha mke wangu usingizi, na mimi pia.

Sasa gari langu, lenye usukani kushoto na lililotumika sana huko ng'ambo kabla halijanifikia, lina kidude kwenye breki za nyuma kinachoitwa sensa ya joto. Breki zikichemka kupita kiasi, taa nyekundu inawaka mbele ya dereva na mlio unalia. Siku moja ukalia tukiwa na mama. Nilisimama pembeni, nikashuka na kugusa magurudumu. Yalikuwa baridi kama ugali wa jana.

Niseme hapa kwamba mimi ni fundi umeme wa magari pale Mwisenge, Musoma, na kibao changu kimeandikwa Daktari. Hakuna aliyenipa huo udaktari, nilimwagiza tu mchoraji. Basi nikarudi garini na kumwambia mke wangu kwa sauti ya kusikika hadi kiti cha nyuma, "Mwambie mama asiwe na wasiwasi. Sensa imekufa, kesho inapona."

Nikabadilisha sensa. Nikaenda Bunda na kurudi peke yangu, nikikanyaga breki bila sababu mpaka madereva wa malori wakanitukana. Gari kimya. Nikajipongeza kwa soda. Safari iliyofuata, hatujatoka hata Butiama, mlio ukalia, ukanyamaza, ukalia tena. Nikatafuta sensa nyingine. Nikachomeka mashine ya kupima, ikaniambia breki zinaungua. Nikashika mita, nikapima waya kutoka kwenye sensa hadi mbele, zote nzima. Nilipima gari likiwa tupu, milango wazi, mimi napiga mluzi.

Baada ya hapo mama akakataa gari. Alituma habari kwamba atakuja kwa bodaboda. Na kweli alikuja, kwa nyonga ile, kanga imefungwa barabara, akapita mbele ya karakana yangu wateja wakiwa wamejaa. Mmoja aliuliza kama yule si mama mkwe wangu. Nilijibu kwamba simuoni vizuri kwa sababu ya jua, na jua lilikuwa mgongoni kwangu.

Nyumbani nikawaka. "Mama yako ananidharau! Anaona heri afie kwenye pikipiki kuliko kupanda gari la fundi."

Mke wangu alikuwa anaparua samaki. Aliweka kisu chini. "Wewe unafikiri kila kitu ni habari zako. Mama anasema gari linamkataa."

"Linamkataa vipi?"

"Linaliaga akikaa upande wa kushoto. Nyonga ikimuuma akasogea kulia, linanyamaza. Akirudi, linalia. Anasema yeye ni mzito, ataliua gari la watu. Mimi ningekuambiaje? Nikuambie mama yangu ni mnene?"

Siku zote hizo ningetupa jicho moja tu kwenye kioo, ningemwona akisogea, ningejua. Lakini nilikuwa nimekigeuza kwa adabu zangu.

Nilitoka mbio nikang'oa kiti cha nyuma. Waya wa sensa ulipita chini ya fremu yake upande wa kushoto, ganda limechubuka, shaba iko nje. Mtu akikaa, fremu inaubana kwenye bodi, inapiga shoti, na gari linadhani breki zimechemka. Nilirudisha kiti nikakikalia mwenyewe. Kimya, maana mimi ni mwembamba wa aibu. Nikapakia gunia la mahindi, mlio ukalia mtaa mzima. Nikabadilisha ule waya, nikaupitisha mbali na fremu. Nikarudisha gunia na kukaa juu yake. Kimya.

Tukaenda kumchukua. Mke wangu alimweleza habari za waya mlangoni, mama akasema, "Sawa, sawa," kwa sauti ya mtu anayejua anafarijiwa tu. Akapanda, akakaa kushoto. Nilipoondoa gari, kiti changu kilivutwa nyuma. Nilidhani anajiweka sawa. Kiliendelea kuvutwa, na nyuma yangu nikasikia pumzi za mtu anayejikaza. Ndipo nikaelewa. Mama alikuwa amening'inia kwenye kiti changu kwa mikono miwili, amejiinua kwa mguu ule mbovu, ili asililemee gari langu.

Roho iliniuma vibaya. Nilimtazama mke wangu apeleke ujumbe, naye alikuwa amefunika uso kwa kanga.

"Mama," nikasema mwenyewe. "Kaa. Ni waya ulioharibika. Si wewe."

Tulikwenda hivyo mwendo mrefu. Kisha kiti changu kikaachiwa, na springi za kiti cha nyuma zikalia polepole zikibonyea, hadi mwisho.