Msalaba wa Siagi

Mambo yote yalitugharimu dola sita, chupa mbili za chai na Jumatano nzima ya mchungaji. Hizo dola sita ni baada ya kuvutana; mwenye mali alianzia kumi.

Shangazi yangu anakaa nami huku ughaibuni, mtaa wa Thorncliffe Park, ghorofa ya kumi na nne. Ujanani alisomea uuguzi Uingereza, katika mji mdogo wa soko. Siku hizi ya jana yamemtoka, ya huko yamebaki. Mwaka jana akaanza: kila Jumatano anavaa koti, anakaa karibu na mlango, anasema, "Nipelekeni msalabani."

Sisi ni watu wa kanisa. Mtu wa miaka themanini na mitatu akisema hivyo, wewe unasikia nini? Binti yake alikuja kutoka Malvern, ng'ambo ya jiji, akilia tangu kwenye basi. Mchungaji naye akatoka mtaa wa Jane na Finch, akaomba dakika arobaini. Nilitazama saa mara mbili. Shangazi akaitikia amina kwa adabu, kisha akamuuliza, "Sasa mchungaji, basi linapita saa ngapi?"

"Mama, safari hii haina ratiba."

"Basi gani hilo lisilo na ratiba?"

Wiki mbili baadaye nilimpeleka kwenye mauzo ya vitu vya mitumba. Mezani palikuwa na boksi la picha ya kuunganisha, vipande elfu moja. Shangazi akaweka kidole kwenye kifuniko, juu ya kibanda cha mawe chenye nguzo nane katikati ya soko.

"Huu hapa msalaba. Nyinyi mlikuwa mnanipeleka wapi?"

Boksi halikutaja jina la mji. Sijui kama ni wake kweli, ila kutotajwa huko kulinipunguzia bei.

Kumbe wenyeji wa huko huuita msalaba wa siagi. Wanawake wa mashambani walikaa chini ya paa lile kuuza siagi na mayai, msalaba wa jiwe ukiwa juu yao, labda ili wasiwapunje wateja. Basi la hospitali lilisimama hapo hapo.

Tuliunganisha picha jikoni, naye akinitembeza mjini mwake kwa kidole. "Kanisa hili limejengwa na kondoo."

"Na kondoo, Shangazi?"

"Pesa ya sufu. Matajiri waliogopa moto wa jehanamu, wakaongeza mnara."

Kwenye ukumbi wa nafaka wakulima walipigania bei, ngano kiganjani. Enzi zake ulikuwa wa dansi. Kwenye hoteli yenye lango la magari ya farasi, yeye na mwanafunzi mwenzake kutoka kwetu waliagiza chai ya mtu mmoja, vijiko viwili. Jumatano ilikuwa siku ya soko na siku yao ya mapumziko. Walikutana msalabani, saa tisa.

"Ananisubiri," akasema.

Mwenzake huyo tulimzika Nakuru miaka mingi iliyopita. Shangazi mwenyewe ndiye aliyesoma wasifu wake.

Vipande nilivihesabu mara mbili: mia tisa tisini na nane, kisha mia tisa tisini na tisa. Nikaamini hesabu ya pili, ina faida. Kilichokosekana ni cha ngazi ya msalaba, pale pa kukaa. Shangazi alipapasa lile pengo. "Bado hajafika."

Leo ni Jumatano, koti keshavaa. Wewe uliyewahi kulea mzee wa namna hii, nishauri: nimwambie mwenzake haji tena, azikwe upya kila wiki, au nivae langu tushuke kituoni tukamsubiri?