Mlio wa Kazi katika Simu za Makomeno

Adolphine, jirani anayekaanga mikate pembeni ya barabara hapa mtaani Makomeno, Katanga, anasimulia jinsi mambo yalivyokuwa. Kila anaposimulia, chai ya jirani yao Adrien inazidi kuwa ya moto.

"Mi nilimuona na macho yangu. Adrien iko anakunywa chai. Simu inalia mu mufuko, tuuuuu, sawa sirène, king'ora ya kiwanda. Chai inamumwangikia ku mapaja, hata hasikie. Iko anasema tu 'ndiyo shefu, ndiyo shefu.' Magaribi tayari iko mu kamioni, banamupeleka ku kazi."

Ananyoosha upawa wenye mafuta kuelekea ng'ambo ya barabara, penye meza ndogo na mwavuli wa bluu.

"Ile sonerie, ule mulio wa simu, ni Dorcelle alimutilia. Mumuulize."

Dorcelle anayasikia hayo yote, maana barabara si pana. Hainui kichwa. Ana simu mbili mkononi, ameziegemeza moja kwa nyingine kama watoto wanaonong'onezana, na anangoja mlio upite kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Haifai kuzitingisha. Mwenye simu ameinama juu yake mpaka kivuli chake kinafunika meza.

"Imeingia?"

"Bado, papa. Ngoja kidogo."

Nyuma ya huyo kuna wanaume wengine, baadhi wamesimama, baadhi wamekalia matofali. Karibu wote walikuwa wafanyakazi wa machimbo na viwanda vya kuyeyusha shaba. Mwishoni mwa mwaka jana, 2008, bei ya shaba ilianguka na kampuni zikaanza kufunga moja baada ya nyingine. Wanaume waliitwa uwanjani, wakaambiwa waende nyumbani, kazi ikirudi watapigiwa simu.

Watapigiwa simu. Maneno hayo ndiyo yamewaleta kwenye meza ya Dorcelle.

Dorcelle ana miaka ishirini na saba na watoto wawili. Babu yake aliletwa kutoka kaskazini mwa Katanga kutandika reli, na familia haikurudi tena. Yeye aliacha shule alipomaliza darasa la sita. Akaenda kufagia katika duka la Paluku, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, anayeuza simu kwa jumla na mwenye lori moja. Huko ndiko alikojifunza simu, kwa kutazama. Siku moja Paluku alimkuta amefungua simu ya mteja na amemwekea kicheko cha mtoto badala ya mlio ambao simu ilikuja nao. Mteja alifurahi, akaomba na ya mke wake.

"Paluku aliniambia, ufagio uuache," Dorcelle anasema.

Miaka ile ya shaba ilikuwa miaka ya kucheza. Kijana akipokea mshahara wa kwanza alinunua simu, na siku ya pili alikuja kuivalisha mlio. Mmoja aliifungia namba ya mama mkwe mlio wa mbuzi, akaomba Mungu mama huyo asije akampigia mbele ya mke wake. Mwingine alimpa mkubwa wake wa kazi mbwa anayenguruma. Mwalimu mmoja wa kike alibadilisha mlio kila Jumatatu, wanafunzi wake wakawa wanawekeana dau juu ya wiki inayokuja. Kwaya, ngoma, jogoo, mtoto anayesema "papa, itika simu". Mlio mmoja ulikuwa faranga mia mbili, na kabla ya jua kufika utosini Dorcelle alikuwa amekwisha kupata fedha ya unga na mboga.

"Bantu balikuwa banacheka hapa," anasema. "Muntu anakuya na rafiki yake juu ya kuchagua. Sasa banakuya moja moja. Hakuna mwenye kuchagua. Bote banataka ile."

Ile ni sauti ya baba mkwe wake, mzee Stanislas, aliyefanya kazi kwenye tanuru hadi alipostaafu. Siku ya ubatizo wa mtoto wa Dorcelle, mzee alikuwa amekunywa vizuri, akaanza kuwaonyesha wajukuu jinsi king'ora cha kiwanda kilivyokuwa kikiwaamsha zamani. Alikunja viganja mdomoni akavuta pumzi. Tuuuuuu. Dorcelle alikuwa na simu mkononi, akairekodi. Mwisho wa mlio mzee anasikika akikohoa.

Kwa muda mrefu hakuna aliyeuulizia mlio huo. Kisha Adrien akauchagua na kuufunga kwenye namba moja tu, ya msimamizi wake. Siku chache baadaye alipigiwa. Adolphine akaona, na kilichoonwa na Adolphine, Makomeno yote inakijua.

Mzee Stanislas anaishi na mwanawe na Dorcelle. Mambo haya hayampendezi.

"Sirène ilikuwa inaita bantu kwa sababu kazi ilikuwa," anasema. "Sasa mi na kinywa yangu nitaita nani? Mi niko na kampuni? Kesho batakuya kunidai mushahara."

Dorcelle hakunyamaza. Mke wa Adrien alimweleza kwamba mumewe aliitwa kusaidia kufungua mashine zipakiwe na kuondolewa, na wiki haikwisha akawa amerudi nyumbani. Dorcelle aliwaambia wateja hivyo hivyo. Wakamjibu kwamba kufungua mashine nako ni kazi.

"Nilibaambia, mi nauzisha sauti. Kazi, hapana. Muntu anakuangalia sawa unamufichia dawa."

Paluku aliposikia habari hizo alimshauri apandishe bei. Alisema mgonjwa haulizi dawa ni ngapi. Dorcelle alikataa, na kwa muda hawakusemezana. Hata hivyo hakuacha kuuweka mlio ule, maana bila huo siku hizi angekaa chini ya mwavuli mpaka jioni mikono mitupu. Anapolisema hilo anapangusa kioo cha simu ambacho hakina vumbi.

Saa sita inakaribia. Wingu limeanza kukusanyika upande wa uwanja wa ndege wa Luano. Ghafla king'ora kinalia.

Mikono yote inaingia mifukoni kwa wakati mmoja. Mmoja simu inamponyoka, inaanguka kwenye dimbwi, anaiokota na kuiweka sikioni hivyo hivyo inavyochuruzika. Kila mtu anatazama kioo chake. Kisha kikohozi cha mzee Stanislas kinasikika, na wote wanageukia walikokisikia.

Ni simu ya Chola. Aliwekewa mlio wiki iliyopita na leo amekuja kukaa tu na wenzake. Chola anasimama wima. Anavua kofia.

"Ndiyo, shefu. Ni mi, shefu. Kesho asubui. Ndiyo. Nimesikia, shefu."

Ng'ambo ya barabara Adolphine ameepua karai. Chola anarudisha simu mfukoni taratibu na kufunga kishikizo cha mfuko.

"Banasema nini?" anauliza aliye karibu naye.

"Banasema nirudishe kasiki, ile kofia ya kazi, na mabuti."

Hakuna anayecheka. Wote wanatazama miguu yake. Mabuti ya kampuni ameyavaa.

"Lakini balikupigia," mmoja anasema hatimaye.

"Ee. Balinipigia."

"Namba yako iko bado mu kitabu yabo. Yangu mi sijue kama iko."

"Bakikuona pale bataweza kukumbuka. Uvae shati muzuri, Chola."

"Na mabuti uyapake mafuta. Usiyapeleke na matope, batasema uko muntu ya fujo."

Chola anakubali kwa kichwa. Anaondoka akikwepa madimbwi, ambayo asubuhi alikuwa akiyakanyaga tu. Mwanaume anayefuata kwenye foleni anamnyooshea Dorcelle simu yake.

"Mama, endelea. Mi banaweza kunipigia na habari ya muzuri."

Dorcelle anaipokea.

Anajua uso huo. Anao nyumbani. Raoul, mume wake, alikuwa dereva wa mashine ya kuchota mawe, na alirudishwa nyumbani siku ile ile na wengine. Yeye ndiye wa pili kuuomba mlio huo, mara tu baada ya Adrien. Tangu hapo simu yake inakaa dirishani, mahali penye mtandao mzuri, naye anakaa karibu yake. Akienda kuoga anaibeba ndani ya mfuko wa plastiki. Mtoto aliyeigusa ili acheze alipigwa kofi, na Raoul si mtu wa kupiga.

"Kama ningemutilia mbuzi, pengine angekuwa anatembea," Dorcelle anasema. Halafu anatikisa kichwa. "Hapana. Angekaa tu. Lakini sasa iko anakaa na sauti ya baba yake, na mi njo nilimupatia."

Kinachomkosesha usingizi ni Sakania, mji wa mpakani. Fils, mdogo wake Raoul, anapakia mizigo kwenye stesheni ya huko, bidhaa zinazotoka na kwenda Zambia. Mwenzake mmoja ameacha kazi, na Fils ameshikilia nafasi hiyo kwa ajili ya kaka yake. Amesema wazi kwamba hawezi kuishikilia zaidi ya Jumapili, maana wenye njaa stesheni ni wengi. Lori la Paluku linakwenda Sakania kesho, Jumamosi, na Paluku amempa Raoul nafasi juu ya magunia bila malipo. Ndivyo alivyochagua kupatana na Dorcelle.

Raoul hajasema ndiyo wala hapana. Msimamizi wao aliwaambia kwamba atakayepigiwa asubuhi asipofika jioni, anaitwa mwingine. Kutoka Sakania, kwa barabara ya msimu huu wa mvua, hakuna anayefika jioni.

Dorcelle ana mpango wake. Raoul akipata hata kazi hiyo ya mabega, yeye atamwomba Paluku kompyuta kuukuu iliyolala dukani, aanze kunakili nyimbo na picha kwenye kadi za simu za wateja, aache kutegemea mlio mmoja. Watoto warudi shule muhula ujao. Lakini mpango huo unaanzia juu ya magunia ya Paluku.

Mvua inashuka, foleni inatawanyika. Inapokatika, Raoul anatokea, amekuja kuchaji simu kwa sababu nyumbani umeme umekwenda. Ni mtu mrefu, anaongea kwa sauti ya chini. Anaichomeka kwenye betri ya gari iliyo chini ya meza, anachuchumaa kando yake. Dorcelle anamwachia kigoda, hakitaki.

"Baba Mwadi," Dorcelle anamwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza. "Paluku aliuliza tena. Iko anapakia kesho asubui."

"Nilisikia."

"Balipigia Chola leo."

Raoul anainua macho haraka. "Banamurudisha ku kazi?"

"Banataka mabuti yabo."

Raoul anatazama tena simu. Alama ya betri inapanda na kushuka.

"Mi balinipatia mabuti ya pili mwezi wa kumi," anasema. "Muntu mwenye banataka kufukuza, habamupatie mabuti mupya."

Dorcelle anaacha neno hilo lipite. Anakunja mwavuli, anamwaga maji, anaufungua tena. Kisha anachuchumaa na yeye, wanakuwa sawasawa kwa kimo.

"Sikiliza. Simu uniachie mi. Uende na ya baba. Hii itakaa hapa ku meza, niko naisikia asubui mpaka magaribi. Ikilia, mi naitika. Nitasema uko na homa, utafika siku ya pili. Nitasema na sauti ya muzuri. Kiisha nakupigia ku Sakania, unapanda ile ile siku. Nafasi ya Fils haitangoja, Raoul. Nipe hiyo simu, uende na kamioni."

Raoul ameweka kiganja juu ya simu, kama anayeikinga matone yanayodondoka kwenye ukingo wa mwavuli. Adolphine, aliyekuwa anawasha makaa upya, ameacha kupepea.

"Utaniachia?" Dorcelle anauliza.

Mteja anafika, anasimama pembeni ya meza na simu yake mkononi, anawatazama hao wawili walioinama chini.

"Raoul. Utaniachia?"