Rangi za Ng'ombe Katika Biblia ya Soila

Mimi Joyce sina subira, na Mabwerebwere nzima inajua. Ukija steshenari kwangu kutoa kopi ukaniuliza kitu kilekile mara tatu, ya nne nakujibu kwa sauti. Kwa hiyo Soila aliponiomba nimfundishe kompyuta, nilijua tutagombana. Na kweli tuligombana.

Soila, Mama Yoeli, ni mfugaji; boma lao liko uwandani, upande wa Mikumi. Kusoma alijifunza ukubwani, anasoma polepole, kidole kinatangulia. Kanisa lao dogo lilikuwa mwaka wa pili halina mwinjilisti, waumini wakamtaka yeye. Wazee wa kanisa wakasema sawa, lakini kwanza afanyiwe usaili, waone kama Maandiko anayajua. Akishindwa, ataletwa mtu wa mbali asiyejua Kimasai, na mabibi wa bomani wasiojua Kiswahili watakaa kanisani kama wageni. Jambo hilo lilimnyima raha kabisa.

Nikamfungulia programu ya kujifunzia Biblia. Mle unaupaka mstari rangi, ili ukirudi ujue unahusu nini. Nikampangia vizuri: njano ahadi, kijani amri, bluu maombolezo. Wiki mbili anachanganya tu.

"Mama Yoeli, jamani, kijani ni nini?"

"Majani," anajibu.

Nilitaka kulia. Siku moja nikatoka mara moja kwenda sokoni, narudi nakuta kafuta rangi zangu zote! Katengeneza zake na kuzipa majina. Amri kahawia. Ahadi nyeupe yenye vidoa vyeusi chini. Maombolezo kijivu.

"Umeniharibia kazi!" nikafoka. "Hizi ndiyo rangi gani?"

"Za ng'ombe wetu," akasema, wala hakupandisha sauti. "Mdogo wangu, sisi ng'ombe hatuwahesabu. Jioni wakirudi nasimama mlangoni mwa zizi, naangalia rangi zinavyopita. Asipoingia mmoja, namjua ni yupi."

Tangu siku hiyo hakuchanganya tena, na mimi nikaacha kumwingilia.

Siku ya usaili nilimsindikiza Mikumi, kompyuta nimeibeba mimi. Tuliwakuta wazee watatu ofisini kwao, mkubwa wao Mwalimu Deogratias, mstaafu mwenye miwani mizito.

"Shikamoo, baba," Soila akasema.

"Marahaba. Hiyo mashine ifungwe."

Loh! Nikaifunga. Mwalimu akasema atasoma Ruthu sura ya kwanza, kisha Soila aieleze bila kuangalia popote. Soila akafumba macho. Mwalimu akasoma kwa mbwembwe, harakaharaka, mpaka mwisho.

"Haya, mama, tueleze."

"Samahani, baba. Kuna mmoja hajaingia."

Wazee wakatazamana, mmoja akacheka waziwazi. Nilitamani ardhi inimeze.

"Naomi anawaambia wake za wanawe warudi kwao," Soila akaendelea. "Anawaambia mara tatu. Kahawia tatu. Wewe umesoma mbili, ya tatu umeiacha nje."

Mwalimu akavua miwani, akaipangusa, akarudi kwenye ukurasa. Kidole kikashuka taratibu, kikasimama. Mstari wa kumi na mbili alikuwa ameuruka. Aliyecheka akajikohoza.

"Na kwa nini awaambie mara tatu?" Mwalimu akauliza. Safari hii alikuwa anauliza kweli, si kumjaribu.

Soila akafikiri kidogo. "Mtu akikwambia uende mara moja, hiyo ni adabu. Akikwambia mara tatu, anaogopa usije ukaenda kweli."

Mwalimu Deogratias alikuwa amefiwa na mkewe, amebaki peke yake, sote tulijua. Akaisukuma Biblia mpaka upande wa pili wa meza.

"Jumapili utawasomea wewe," akasema. "Kwa Kimasai."

Weee! Nilipiga vigelegele humohumo ofisini. Mzee mmoja akaniambia nitoke nje. Nikatoka navyo hadi barabarani.