Rangi Nyekundu ni ya Chaki

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa zuri tu, lakini karakanani hakuna aliyelitumia. Walimwita Chaki, kwa sababu kipande cha chaki hakikumtoka nyuma ya sikio, na kisipokuwa sikioni basi alikuwa amekiuma kama mtu mwenye njaa. Alikuwa mkataji wa sare za shule. Wenzake walishona, yeye alikata, na mkataji akikosea hakuna sindano ya kumwokoa.

Kwa hiyo Chaki alichora kwanza. Katikati ya meza aliweka duara, ndiyo oda yenyewe, na kutoka hapo mistari ilikwenda kila upande: mikono huku, kola kule, mifuko pembeni. Kila kazi aliichora kwa ukubwa wake, iliyokula muda mwingi ikawa kubwa, ya chapuchapu ikawa ndogo. Ukimuuliza kwa nini asiandike tu orodha, atakwambia kwenye orodha suruali na kifungo vinachukua mstari mmoja mmoja, kana kwamba ni sawa. Kwa mtindo huo alikuwa amepata, mvi zikiwa zimeshaanza kumtoka, meza kubwa ya karibu na dirisha, ile ya mkataji mkuu. Aliisubiri meza hiyo miaka na miaka.

Ndipo mama yake akateleza bafuni akavunjika mguu.

Alipotoka hospitali, kaka yake Chaki mkubwa aliitisha kikao sebuleni kwa Chaki, maana mama alikuwa akiishi hapo. Kaka ni mtu wa ofisi, na alikuwa ametoka semina. Mungu atunusuru na mtu aliyetoka semina! Alikuja na karatasi ya manila na kalamu za rangi, akazipanga mezani kama daktari wa upasuaji.

"Hii inaitwa ramani ya mawazo," alisema. "Mkiona picha nzima, hakuna kugombana."

Akachora duara katikati, akaandika MAMA. Mama mwenyewe alikuwa pale pale kwenye kiti, mguu juu ya stuli, magongo yameegemezwa ukutani, akiwatazama wanawe. Hakuna aliyemwuliza kitu.

Bluu ilikuwa rangi ya kaka. Kijani ya dada wa kati, ambaye muda wote alikuwa na simu mkononi. Nyekundu ya Chaki. Matawi yakaanza kuota. La bluu likapata Usimamizi, Mawasiliano na Ufuatiliaji. La kijani likapata Ushauri na Kumtia Moyo. Halafu kaka akashika kalamu nyekundu na hakuiweka chini tena: kumwogesha, kupika, dawa, kufua mashuka, kumpeleka kliniki, kulala naye chumba kimoja. Karatasi upande ule iliwiva kama imewashwa moto. Mwishoni, kwa herufi ndogo ndogo, akaongeza: Aache kazi.

Chaki alisoma maneno hayo mara mbili.

"Nani aache kazi?"

"Mdogo wangu, usichukulie vibaya. Wewe si uko karibu naye? Na kukata nguo, mtu yeyote anaweza kukata nguo."

"Kweli, mdogo wangu," dada akadakia bila kuinua macho kwenye simu. "Sisi tuko mbali, lakini tuko pamoja."

Tuko pamoja! Watu wanajua kusema. Wamenawa mikono mchana kweupe, halafu wanakupa taulo uwashikie. Chaki alitaka kupiga kelele mpaka majirani wajae mlangoni. Badala yake aliigeuza ile karatasi upande wake mweupe, akatoa chaki sikioni, akakumbuka kuwa chaki haiandiki kwenye manila, akamnyang'anya kaka kalamu.

Akachora anavyochora karakanani. Kufua kukapata nafasi ya mgongo wa shati. Kulala na mgonjwa kukachukua robo nzima ya karatasi. Ushauri ulitoka mdogo kama pindo la leso, na Ufuatiliaji ukawa mdogo kama kifungo.

"Ramani ya mawazo haichorwi hivyo," kaka alisema.

"Hii si ya mawazo, kaka. Ni ya kazi."

Akatoa mkasi mkobani, akakata kila kipande, akagawa kama kaka alivyopanga. Vya Chaki vilijaa mapajani vikamwagika sakafuni. Vya dada vilikaa kiganjani. Vya kaka angeweza kuvimeza kwa maji. Kikabaki kipande kimoja, Aache kazi, kikubwa kuliko vyote. Alikiweka mbele ya kaka yake.

"Hiki kinamwenea nani? Jipime."

Dada akaiweka simu chini. Ndipo mama akakohoa.

"Na mimi rangi yangu iko wapi?"

Wote waligeuka. Chaki aliona aibu, maana na yeye, pamoja na hasira zake zote, alikuwa amekata karatasi nzima bila kumkatia mama hata kipande.

"Nimevunjika mguu," mama alisema, "sikuvunjika mikono wala akili. Mnanichora katikati kama shimo la taka, kila mtu ananitupia mstari! Lete hapa."

Akachagua mwenyewe kutoka mapajani mwa Chaki: dawa, kumenya na kuchambua, kukunja nguo. Kliniki akampa dada. Kufua na kulala akavichanganya, akamkabidhi kaka.

"Mashuka utayachukua kila Ijumaa jioni, na utalala hapa mpaka Jumapili."

"Mama, Jumamosi mimi nina mikutano."

"Ifuatilie kwa simu. Si ndiyo kazi yako?"

Dada aliangua kicheko, kisha akakimeza haraka. Kaka alikusanya kalamu zake, akaondoka na vile vipande mfukoni.

Jumatatu asubuhi Chaki alisimama kwenye meza yake kubwa ya dirishani. Nyumbani, kile kipande cha Aache kazi kilikuwa bado mezani sebuleni, na mama alikuwa anamenyea vitunguu juu yake.