Wifi Alinipima Usonji Mbele ya Ukoo

Siku tunamzika mume wangu, mimi nilikuwa mlangoni napanga ndala za waombolezaji.

Pea kwa pea, ncha zikielekea barabarani.

Najua inavyosikika. Ndani wanawake wanalia mpaka wanashikiliwa, na mjane yuko nje anatafuta ndala ya kushoto ya mtu asiyemjua. Lakini kelele za mle ndani zilikuwa zinanipasua kichwa, na zile ndala zilikuwa zimerundikana hovyo. Nisingezipanga, ningekimbilia porini.

Kesi yangu ilianzia hapo.

Naitwa Marieta. Naishi Gendabi, Hanang, tunalima mahindi na alizeti na tuna ng'ombe kidogo. Mume wangu Yohanes alikufa kwa ajali ya pikipiki barabara ya kwenda Katesh, akaniachia binti mmoja, Doris, wa miaka saba.

Nilimpenda Yohanes. Naandika hivyo mara moja tu, asije mtu akaniuliza huko chini kwenye maoni.

Wifi yangu Judica alisimama katikati ya msiba akapaza sauti. "Mnamwona? Hata chozi hana! Huyu ana moyo kweli?"

Baba mkwe, mzee Severine, naye hakulia. Jeneza la mwanawe linatolewa ndani, yeye yuko nyuma ya zizi anapanga kuni. Watu wakasema mzee kajikaza kiume.

Mimi nikaitwa mchawi.

Tena walikuwa wananitafuta siku nyingi. Huku kwetu salamu haiishii kwenye shikamoo. Utaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za shamba, za ng'ombe, na kote huko unatakiwa useme nzuri. Mimi nikiulizwa za ng'ombe nasema yule mweusi anakohoa. Si nimeulizwa? Halafu naangalia chini, kwa sababu macho ya watu yananichoma.

"Mtoto wa watu kajaa dharau," mama mkwe, mama Efrazia, alikuwa anawaambia majirani.

Mzee Severine akisalimiwa anainua fimbo, anapita zake. Huyo wanasema ana busara.

Haya. Miezi ikapita, Judica akaja kutoka Babati. Alikuwa amejifungua, na wasichana wa kazi walikuwa wameshamkimbia kwa mdomo wake. Ghafla akakumbuka kwamba marehemu kaka yake aliacha mtoto wa kike anayeweza kubeba kichanga na kufua nepi.

Nikaitwa kwenye kikao nyumbani kwa wakwe. Nilipoingia tu, nikaona begi la Doris kwenye kona, limeshafungwa; walimwita aje nalo asubuhi nikiwa shambani, naye sasa yuko kwa jirani anacheza.

Mwanangu anahamishwa na mimi sijaulizwa!

"Shikamooni," nikasema, nikakaa.

Walikuwepo mama Efrazia, shemeji yangu Nicodemo, na Judica mwenyewe, kichanga chake kimelala mkekani pembeni. Mzee Severine alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, ametupa mgongo, anatazama nje kama kawaida yake.

Judica akatoa simu. "Sisi hatutaki ugomvi. Tutaenda kitaalamu. Hiki ni kipimo cha usonji kwa watu wazima. Mtu anajibu maswali, simu inatoa alama."

"Usonji ndiyo nini?" Nicodemo akauliza.

"Ugonjwa wa akili. Na mwenye ugonjwa wa akili hawezi kulea mtoto."

Uongo mtupu. Baadaye nilisoma mwenyewe: mtu anazaliwa hivyo, ubongo wake unapokea dunia kwa namna yake. Lakini siku ile sikujua. Nilijua tu kwamba nimewekewa mtego.

"Nani kakwambia nataka kupimwa?"

"Ukikataa, hilo nalo ni jibu. Doris anaondoka na mimi leo hii."

Nikakubali. Na tatizo langu mimi sijui kudanganya, hata pale ambapo uongo ungenisaidia.

"Swali la kwanza. Je, sauti ndogo ambazo wengine hawazijali zinakusumbua?"

"Ndiyo."

"Ndiyo," ikasema sauti nyingine huko mlangoni.

Hakuna aliyejali. Judica akabonyeza simu, akaendelea.

"Je, unakasirika mpango wako wa siku ukibadilishwa ghafla?"

"Ndiyo."

"Sana," akasema mzee Severine.

"Baba, swali si lako!"

"Umesoma kwa sauti."

Mama Efrazia akajikohoza. Judica akanitolea macho mimi, sijui kosa langu hapo lilikuwa nini.

"Je, unaweza kuongelea kitu kimoja unachokipenda bila kugundua kwamba anayekusikiliza amechoka?"

Nicodemo akacheka kabla hajajizuia. Kila mtu mle ndani alishawahi kukalishwa na mzee akatajiwa ng'ombe, mama wa huyo ng'ombe, bibi yake, mpaka uji unapoa mkononi.

Mzee akauliza bila kugeuka, "Kwani huwa mnachoka?"

Nicodemo akaziba mdomo kwa kiganja.

Judica alikuwa ameshavimba. Akashusha kidole kwenye kioo cha simu mpaka akapata swali alilolitaka, akalisoma taratibu, ananitazama usoni.

"Je, ukiwa kwenye huzuni kubwa, watu wanakuona kama huna huzuni?"

Nilifungua mdomo. Sauti haikutoka. Nilimwona Yohanes, nikaziona zile ndala. Nikafikiri basi, mtoto ameshakwenda.

Kiti cha mlangoni kikalia. Mzee Severine alikuwa amegeuka, na sikuwahi kumwona akigeuka kwenye kikao.

"Ndiyo," akasema. "Nilipanga kuni mpaka mikono ikatoka damu. Mwanangu alikuwa ndani ya sanduku."



Akaielekezea fimbo simu ya Judica. "Huyo aliyeandika hayo maswali, habari zangu alizipata wapi?"

Mama Efrazia akaanza kulia kimyakimya. "Miaka yote hii, baba Yohanes, nilidhani unanidharau."

"Sikujua kama unadhani hivyo. Ungesema."

"Baba, wewe ni tofauti," Judica akadakia. "Wewe ni mzee wa busara. Huyu ni..."

"Huyu ni nini?"

Judica akarudisha macho kwenye simu.

"Umesema mwenye haya mambo hawezi kulea mtoto," mzee akasema. "Wewe Judica ulilelewa na nani?"

Judica akazima simu yake.

"Fungueni begi la mtoto," mzee akamaliza, akageukia nje tena.

Jamani, nilitaka kumkumbatia. Sikumkumbatia. Yeye hapendi na mimi sipendi. Nikamwambia, "Asante, baba," akaangalia chini, nikaangalia chini.

Judica akabeba kichanga chake akatoka bila kuaga. Nikatoka nyuma yake na begi la Doris, na pale mlangoni nikasimama.

Viatu vyote vilikuwa vimepangwa. Pea kwa pea. Vya Judica viko mbele kabisa, ncha zikielekea barabarani.

Na sikuvipanga mimi.

Nimeshajipima tena, safari hii peke yangu, kwa simu yangu. Alama zilikuwa juu. Pale mwisho pameandikwa kwamba hayo si majibu ya daktari, ukaonane na mtaalamu. Judica hakufika huko kusoma, au alifika akanyamaza. Mtaalamu nitamtafuta, maana nataka kujijua, siyo kuomba radhi kwa mtu.

Tena msinitumie ujumbe wa kusema nimsamehe. Sijamsamehe. Mtu alitaka kumfanya mwanangu kijakazi kwa kisingizio cha sayansi.

Nawaambia hivi: kile kipimo ni cha mtu kujitazama mwenyewe. Ukitaka kukitumia kumnyang'anya mwenzako mtoto, kwanza angalia nani mwingine yumo chumbani anasikia maswali.

Judica, najua huwa unasoma huku. Doris hajambo, yuko shule. Mwanao mbebe mwenyewe.