Jiko Lililoona Sufuria

Mpishi wa kambi ya wapima miamba, huko nje ya Geita, hakuiamini sufuria yoyote kabla ya kuiuliza. Sumaku yake ndogo ilining'inia shingoni kwa uzi kama hirizi, naye aliigusisha kitako cha kila chombo kilichofika kambini. Ikinasa, aliguna na kuipokea. Isiponasa, aliirudisha sufuria kwa mwenyewe. "Hii ya alumini, jiko haliioni," alimwambia Eufrasia, mchukua sampuli, aliyekuwa ameibeba yake kutoka Nyahanga. Jiko lenyewe lilikuwa la induksheni, bamba jeusi lisilo na moto wala moshi, linalopasha chombo kinachonasa sumaku tu, likila umeme wa jenereta. Ukiondoa sufuria bila kulizima, lililia ti, ti, ti, kama kifaranga kilichopotewa na mama. Mpishi alikuwa na viganja vyenye makovu ya enzi za kuni, na sauti ya mtu anayeongea karibu na mgonjwa.

Mchana ule alipakua ugali, akaiweka sufuria chini. Jiko halikulia. Liliendelea kunguruma taratibu, kama linavyonguruma likiwa na mzigo, na juu yake hapakuwa na kitu. Eufrasia akanyoosha mkono alizime. Mpishi akamzuia.

"Liache, mayu, mama yangu. Limeona sufuria."

"Sufuria ipi?"

Mpishi alitazama nyuma ya mahema, kwenye duara, lile shimo la wachimbaji lililoporomoka masika na kubaki na watu wake. Kisha akauosha mwiko, akaulaza kando ya jiko, mpini ukielekea kule.

"Tungoje," alisema. "Wenzetu hawajala."